Kifaru Alipopita, Kifaru Kilipopita

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, safari hii sikuja na shairi, ingawa shairi ndilo lililonileta. Kwa miezi kadhaa nimekwama kwenye ukwapi mmoja wa mizani nane. Nikiandika "Kifaru alipopita", mizani inatimia. Nikiandika "Kifaru kilipopita", inatimia vilevile, na kina ni hichohicho. Hesabuni wenyewe kwa vidole. Mara nyingi katika utunzi wangu mizani imeniamulia jambo ambalo akili ilishindwa kuliamua. Safari hii imenyamaza, ikaniacha na silabi moja tu, a au ki, na ndani ya silabi hiyo yumo marehemu kaka yangu.

Alizaliwa na kuzikwa Vugiri, kule juu ambako barabara inayopanda kutoka tambarare ya Korogwe huuacha mkonge chini na kuingia kwenye chai na ukungu. Alikuwa mkulima, na wakati mmoja tu wa maisha yake alikuwa askari. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto, takribani kilomita za mraba 1,800, ni mali yake; siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana; na tarehe 3 daraja la Kyaka likalipuliwa. Jeshi la kudumu halikutosha. Mgambo wakaitwa kutoka huku na huku, naye akawa miongoni mwao. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nakumbuka alivyofunga shuka lake kwa kamba ya katani na kuniambia nisimamie mbuzi.

Alirudi mwaka 1980, amekonda, mpole kuliko alivyoondoka. Kwa muda mrefu hakusema kitu. Kisha taratibu akaanza kusimulia, jioni, barazani, kukiwa na chai na baridi na majirani. Hakusimulia kishujaa. Alisimulia vitu: matope, migomba, viatu, sauti. Na alikuwa na namna yake ya kutaja zana za vita ambayo kila mtu aliipenda, ila mimi.

Likizo moja ya mwaka 1983 nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu. Nilikuwa na ngeli kichwani kama mtoto mwenye kisu kipya anayetafuta cha kukata. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilikuwa na miaka miwili tu tangu itoke, nami niliitembeza kwapani kama msahafu. Jioni hiyo kaka alikuwa akieleza walivyoingia kwenye shamba la migomba ndani ya Uganda na kukuta kifaru cha adui. Alisema hivi, na nayaandika maneno yake kwa kadiri yalivyobaki kichwani mwangu: "Kifaru huyo alikuwa amelala kwenye migomba. Tukadhani amekufa. Hana moshi, hana sauti. Tukamkaribia. Mara akakohoa, akageuza ile pembe yake pole pole, akatutazama."

Hapo nikaingilia. "Kaka," nikasema, "kifaru cha vita ni KI-VI. Kilikuwa kimelala. Kikakohoa. Anayechukua a- ni mnyama."

Watu walicheka. Nilidhani wanacheka kwa kufurahia elimu yangu. Kaka aliniangalia, akasema, "Ahsante, mwalimu," akanywa chai yake hadi mwisho, akaenda kuangalia ng'ombe. Hadi leo sijui kilichotokea baada ya pembe ile kugeuka.

Sasa niwarudishe kwenye neno lenyewe, maana bila ya kulipekua hamtaona ukubwa wa kosa langu. Kifaru, kwa maana ya gari la vita lenye minyororo na mzinga, halikuwa jina rasmi kwa asili yake. Ni lakabu. Mtu aliona chuma kizito, chenye ngozi isiyopenya, kisichogeuka upesi, chenye kitu kimoja kirefu mbele, kinachokuja moja kwa moja bila kujali kilicho njiani. Akamkumbuka mnyama anayemjua. Lakabu ikakubalika hata tukasahau kwamba ni lakabu. Leo habari ya redio inasema vifaru vimevuka mpaka, na hakuna msikilizaji anayeona pembe.

Linganisheni na Waingereza waliokiunda chombo chenyewe. Walipokuwa wakikitengeneza kwa siri wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliwaambia watu wa karakana kwamba ni matangi ya maji, na jina la uongo likabaki: kilipoingia vitani kwa mara ya kwanza, kule Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916, kiliitwa tangi, na tangi kinaitwa hadi leo. Wenye chombo walikipa jina la kuficha. Sisi tuliokipokea tukakipa jina la kuonesha. Nakiri kwamba nina upendeleo, lakini naona yetu imekaa vizuri zaidi. Tungelichukua neno lao lilivyo, mtu wa Vugiri angelisikia kwamba matangi yanakuja angelitoa ndoo.

Lakabu inapogeuka kuwa jina la kawaida, Kiswahili hakiishii kwenye kulitamka. Huibadilishia hata sarufi. Kifaru amelala ni mnyama. Kifaru kimelala ni chuma. Ndege ametua mtini ni kiumbe. Ndege imetua uwanjani ni chombo. Kiboko ameibuka mtoni ni mnyama. Kiboko kimekatika ni mjeledi, ule wa ngozi ambao babu zetu waliuonja enzi ya Mjerumani. Kila mara neno huanza na uhai, likitumika sana hupoteza a- yake na kuvaa ki- au i-. Upatanisho wa kisarufi ndiyo hati ya kifo ya sitiari. Niliwafundisha wanafunzi kwa zaidi ya miaka 30 kwamba tashihisi ni kukipa kitu uhai, nikawapa alama kwa kuitambua katika diwani. Siku iliyonijia barazani, hai, kutoka kinywani mwa mtu aliyetazamwa na chuma, niliisahihisha.

Maana kaka hakukosea. Askari aliye hatua kumi na tano kutoka kwenye kitu kile hawezi kusema kilikuwa kimelala. Kinachoweza kukuua kwa kugeuka si kitu; ni nani.

Watu wa kwetu wana historia ndefu ya kubatiza zana za vita, na sehemu yake imepita karibu kabisa na nyumbani. Chukueni mzinga. Mzinga wa asili ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani, likatundikwa mtini nyuki waingie. Wageni walipoleta bomba la chuma linalotema moto, umbo likaamua jina: nalo likawa mzinga. Hapa mnyama hakuhusika, kwa hiyo ngeli haikuhitaji kubadilika. Mzinga umejaa asali, mzinga umelia, yote ni U-I. Lakini Novemba 1914, Waingereza walipowashusha Tanga askari takribani 8,000 kutoka India, vita vilipopamba moto makundi ya nyuki yalitoka na kuwashambulia wapiganaji, hata Waingereza wenyewe mpaka leo huviita vita vya nyuki. Sijui lugha nyingine duniani ambayo siku ile ingeweza kusema kwamba mizinga ya pande mbili ililia na mizinga ya mitini ikajibu, bila kubadili neno. Malenga wa Tanga, sijaelewa kwa nini utenzi wa siku hiyo haujajaa kwenye makabati yetu. (Vijana wa leo nao wameupa mzinga kazi nyingine: mtu anayeomba fedha anakupiga mzinga. Anayepigwa huumia kweli, kwa hiyo sina la kusahihisha.)

Miaka miwili baadaye, Juni 1916, jeshi la Jenerali Smuts liliteremka kufuata mto Pangani na kuingia Korogwe, na kutoka hapo Handeni. Wazee niliowakuta utotoni walivijua vita hivyo kwa vyombo vyake: gari moshi la Tanga, na reli nyembamba ya vitoroli vilivyosukumwa kwa mikono kutoka Mombo kuelekea Handeni. Lakini chombo kikubwa kuliko vyote kilikuwa kichwa cha mtu. Pande zote mbili zilibebewa chakula na risasi na wapagazi, na vifo vyao ni vya makumi ya maelfu. Waingereza waliwaita wapagazi wao Carrier Corps. Jina hilo lilipita kwenye midomo yetu likawa Kariakoo, na leo ni soko la Dar es Salaam ambako watu wanashindania bei ya vitenge. Nairobi wanayo Kariokor yao. Kwingine mtu aliipa mashine jina la mnyama. Hapa mtu mwenyewe aliingizwa katika orodha ya vyombo vya usafiri, na jina lake la kikosi limekuwa jina la mahali, halina hata kiambishi cha kumkumbuka kwamba aliwahi kuwa nani.

Kaka aliijua sehemu hii kwa miguu yake. Watu husikia kwamba jeshi letu lilifika Kampala tarehe 11 Aprili 1979 wakafikiri lilipanda magari. Wengi walitembea. Yeye alisema alikwenda Uganda kwa gari namba 11, akionesha miguu yake miwili iliyosimama sambamba. Magari yalikuwapo, lakini machache kuliko watu, na mengi hayakuwa ya jeshi hata kidogo: serikali ilichukua malori na mabasi ya raia, yaliyokuwa yakibeba pamba na abiria, ikayapeleka mstari wa mbele. Nitalirudia moja kati ya hayo.

Kabla ya hapo, Saba Saba. Kwa Mtanzania ni tarehe 7 Julai, siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954, na kwa vizazi vya baadaye ni maonesho ya biashara, watoto, vumbi na ice cream. Ng'ambo ya Mtukula jina hilo lina sauti nyingine. Waganda waliovikumbuka vita hivyo hulitumia kuitaja mitambo ya roketi ya jeshi letu, ile BM-21 iliyoundwa Urusi, ambayo lori moja hufyatua maroketi 40 ya milimita 122 kwa mfululizo. Mitambo hiyo iliwatia hofu askari wa Amin kuliko silaha nyingine yoyote. Warusi wenyewe waliiita Grad, yaani mvua ya mawe. Na mtu wa milima ya Usambara aliyewahi kuona chai yake baada ya mvua ya mawe hahitaji maelezo. Kaka yake mkubwa wa enzi ya Hitler aliitwa na askari wa Kirusi Katyusha, jina la kubembeleza la msichana katika wimbo waliokuwa wakiuimba. Wajerumani waliokuwa upande wa kupokea hawakusikia msichana. Wao waliiita kinanda cha Stalin, kwa ule mpangilio wa mabomba na ule mlio.

Tazameni basi: silaha moja, majina mawili, moja limetoka nyuma ya mtutu na jingine mbele yake. Anayefyatua humwita mpenzi. Anayefyatuliwa husikia kinanda cha maziko. Sisi tunalo jina moja la pande mbili, jambo ambalo nimelitafakari sana. Mtoto wa Tanzania akisema Saba Saba anaona bembea. Mzee wa Masaka akilisema hutazama juu. Nami nimewahi kuwafundisha watoto kwamba takriri huleta msisitizo, nikatoa mfano wa pole pole na haraka haraka. Takriri hii sikuitaja.

Na kwa wanadamu je? Hapo askari wetu waligeuza utaratibu. Makamanda wao waliwapa majina ya miti na samaki na nyoka: Silas Mayunga alikuwa Mti Mkavu, Mwita Marwa alikuwa Kambale, John Walden alikuwa Black Mamba. Angalieni lakini kwamba hakuna aliyethubutu kusema Mti Mkavu umefika. Mti Mkavu amefika. Mtu alipewa jina la kitu akabaki na a- yake. Sarufi ya kambini ilijua ilichokuwa ikifanya kuliko yangu ya chuoni.

Nilistaafu mwaka 2021. Mwaka uliofuata nilipanda Vugiri na daftari jipya la kurasa 96, nikiwa nimeazimia kuandika kila kitu. Kaka alikuwa amezeeka, macho yakiwa na ukungu kama wa nje.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na kazi, naona."

Nikamwambia nataka masimulizi ya Kagera, yote, na hasa lile la kifaru kwenye migomba. Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza, na moyo wangu ukashuka tangu sentensi ya kwanza. "Kifaru hicho kilikuwa kimeegeshwa katika shamba la migomba," alisema. "Kilikuwa cha majeshi ya adui." Hicho. Kilikuwa. Kimeegeshwa! Alisema vizuri kama taarifa ya habari. Miaka 39 alikuwa ameitunza sahihisho yangu, akaipiga pasi, akaivaa siku niliyokuja. Nilimwambia, kaka, sema kama zamani, sema alikuwa amelala. Akatabasamu bila ukali wowote, nami ningependa angekuwa na ukali. "Si ndivyo ulivyotufundisha, mdogo wangu? Kitu ni kitu." Akamaliza kwa kusema kwamba kikosi kiliendelea mbele. Niliandika: kikosi kiliendelea mbele. Mstari huo umo daftarini hadi leo, na hauna mtu ndani yake.

Tukakaa. Mke wake alituletea chai na mihogo. Mawingu yalikuwa yameshafika kwenye mikaratusi ya chini, nami nilikuwa nafikiria basi la kushuka. Ili kuvunja ukimya nikamuuliza walifikaje Bukoba, kwa kuwa hilo sikuwahi kulisikia.

"Kwa Shangazi," akasema.

Lilikuwa lori la raia lililochukuliwa na serikali, ambalo kabla ya hapo lilibeba mkonge. Vijana waliopakiwa humo walilipa jina hilo siku ya kwanza, kwa sababu kila mlima lililalamika kwa sauti kubwa, likatishia kurudi, na mwishowe likafika, na likifika ndilo lililokuwa na chakula. Haya mimi naeleza kwa "lilikuwa" na "likafika". Yeye hakusema hivyo. "Shangazi alikuwa na kifua kibovu," alisema, na mgongo wake ukanyooka kwenye kiti. "Usiku wa baridi haamki mpaka abembelezwe. Dereva humwambia, Shangazi, watoto wako hao wanakwenda kufa, waangalie basi hata hadi njiani. Naye hukohoa, mara moja, mara mbili, akaamka. Siku moja aligoma katikati ya tope. Tukashuka wote, tukamsukuma, tukamwimbia kama bibi harusi. Akatutupia tope usoni wote arobaini, akatoka, akatusubiri mbele."

Nilielewa alichokifanya, ingawa sidhani kama alikipanga. Kifaru alikuwa amenyang'anywa, lakini Shangazi hakuna mwalimu awezaye kumwondolea a- yake. Nani atasema Shangazi lilikohoa? Jina la ukoo limeuziba mlango huo kwa ufunguo. Alisimulia hadi kibatari kikawashwa, nami nililikosa basi. Shangazi alimpeleka nani, alimrudisha nani, namna alivyomlea kijana mmoja wa Handeni aliyekuwa akilia usiku kwa kulala chini ya injini yake kwa sababu ilikuwa na joto, namna walivyomwacha Bukoba, naye akapakiwa mablanketi na kuondoka bila kugeuka nyuma, "kama shangazi yeyote aliyechoka na wageni." Sikumkatiza hata mara moja. Kalamu yangu iliposhindwa kumfuata niliiweka chini nikasikiliza.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika. Daftari lina kurasa kumi na saba za Shangazi na nusu ukurasa wa kifaru.

Nilipoketi kuandika shairi, nilitaka kulianza na kifaru, kwa kuwa ndiye ninayemdaiwa. Ndipo nilipokwama kwenye ule ukwapi. Juzi nilimsomea mjukuu wake, binti wa Kidato cha Pili aliyekuja likizo, nikisoma kwa a-. Alisikiliza kwa adabu hadi ubeti wa tatu, kisha akasogea karibu, akaninong'oneza ili watu wa sebuleni wasisikie: "Babu, samahani, si kilipopita?"

Nikamwambia akae, nimweleze kwanza habari za Shangazi.